Kamba Niliyoifunga Kinuni

Mheshimiwa Brigedia Jenerali Sayel, mkuu wa brigedi hii; waheshimiwa makanali na maofisa wa safu ya mbele; Sheikh wetu wa kikosi, uliyetufungulia kwa dua; ndugu zangu masajini na makoplo, ambao bila ninyi hawa wa safu ya mbele wasingejua hata ghala la mablanketi liko wapi; mama zetu, wake zetu na watoto wetu; na zaidi ya wote, ninyi wanaume arobaini na watatu mliovaa sare hii leo kwa mara ya mwisho: Assalamu alaykum.

Kapteni Muhannad wa ofisi ya ustawi aliniandikia hotuba ya ukurasa mmoja, akaichapa vizuri, akaniletea mwenyewe. Ndani yake neno "fursa" limetajwa mara kumi na moja. Nimehesabu, maana kuhesabu ni ugonjwa wangu. Kapteni, usininunie, ukurasa wako ninao mfukoni na nitautunza. Lakini hawa watu wamenijua tangu wakiwa na miaka kumi na minane. Nikisimama hapa nikawaambia fursa, fursa, watadhani nimepatwa na kiharusi.

Mimi ni Sajini Meja mstaafu Mifleh, wa Ain Zaarur, kule juu milimani Ajloun. Nilitumikia miaka ishirini na sita katika brigedi hii hii. Wengi wenu niliwapokea kwenye lango lile, mkiwa na nywele ndefu, na mama zenu wakilia nyuma ya seng'enge. Koplo Turki, usijifiche nyuma ya mwenzako, nawe nakukumbuka. Mama yako alilia kidogo kuliko wewe.

Sasa nawauliza swali, na sitaki mnijibu kwa sauti. Kesho saa kumi na moja alfajiri, macho yatakapofunguka yenyewe bila tarumbeta, ni nani kati yenu anayejua atafanya nini? Atamwamsha nani? Atamkagua nani? Mnatazama viatu vyenu. Nami nilitazama vyangu, miaka sita iliyopita, mwezi wa tisa, nikiwa nimesimama pale pale mliposimama.

Nilipewa ngao ya kumbukumbu, nikapigiwa saluti, nikarudishwa nyumbani kwa gari la kikosi. Dereva akanishushia sanduku, akageuza gari, akaenda zake. Nikabaki nimesimama mbele ya nyumba yangu mwenyewe nikisubiri mtu anikaribishe.

Asubuhi ya kwanza niliamka saa kumi na moja. Sikuwa na kombania ya kuamsha, basi nikamwamsha mke wangu. Ameketi pale, safu ya tano, mwenye mtandio wa kijani. Ni mwalimu wa darasa la tatu, na anavyonitazama sasa hivi, mtoto yeyote wa Ain Zaarur angejua maana yake. Alinivumilia siku tisa. Katika siku hizo tisa nilipanga upya kabati la viatu kwa urefu, nikabandika ratiba ya bafu mlangoni, na nikawaambia binti zangu wasimame wima wanapozungumza nami. Siku ya kumi aliniita jikoni, akafunga mlango.

"Baba Hazim," akasema, "nyumba hii imekwenda miaka ishirini bila sajini meja. Haikuanguka."

"Najaribu kusaidia, Mama Hazim."

"Najua. Ndiyo maana sijakufukuza. Lakini leo utoke, ukatafute watu wanaohitaji kusaidiwa. Sisi humu umetusaidia vya kutosha."

Mnacheka. Chekeni. Wiki ijayo nitawapigia simu mmoja mmoja niulize mmefikia siku ya ngapi.

Lakini kuna jambo sikumwambia hata yeye siku ile. Niliogopa. Nimelala kwenye theluji, nimetegua mabomu ya ardhini kwa vidole hivi mpakani, sikuogopa vile. Niliogopa kwamba kila ninachokijua duniani ni kitu ambacho nje ya lango hakuna anayekitaka, na kwamba mtu wa miaka arobaini na minne hafundishiki upya. Hiyo ndiyo hofu iliyonitoa nyumbani. Ningepewa kazi ya kuhesabu mawe mlimani, ningekwenda.

Nayo kazi ikaja. Ulikuwa mwezi wa kumi, msimu wa zeituni umeanza. Haji Dhiyabu, mwenye kinu cha kukamulia zeituni pale kijijini, kinu alichokirithi kwa baba yake, alipanda ngazi zangu akihema.

"Mifleh mwanangu," akasema, "watu wananila nyama pale uani. Trekta juu ya trekta, kila mmoja anasema yeye ndiye wa kwanza. Jana wawili wametupiana magunia. Wewe umeendesha wanaume mia na ishirini. Njoo unitengenezee ua."

Ndugu zangu, hata nilipopandishwa cheo sikufurahi vile. Nilifika kinuni kabla ya Haji mwenyewe. Nilichora mistari kwa chokaa, gari moja kila mstari. Nilikata vipande vya kadibodi nikaviandika namba. Nilifunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, upande huu watu, upande ule mashine na wafanyakazi peke yao. Nikavaa filimbi yangu shingoni. Sheria ilikuwa fupi: unaleta zeituni, unapewa namba, unasubiri nje ya kamba kwenye benchi, ukiitwa unapokea madebe yako ya mafuta langoni, unakwenda kwa amani. Kazi ambayo zamani ilikwenda mpaka magharibi tuliimaliza kabla ya adhuhuri. Haji Dhiyabu alinibusu kipaji cha uso mbele ya watu. Siku tatu nilitembea uani pale nikiwa nimevimba kichwa.

Siku ya nne akaja Bi Hindiyya.

Bi Hindiyya, Mama Sari, amekula chumvi nyingi; wakati ule alikuwa na miaka themanini, leo ana themanini na sita na bado anaupanda mlima. Ndiye mkunga aliyenipokea mimi, na nusu ya kijiji. Alikuja na magunia yake matatu kwenye pikapu ya jirani. Akamimina zeituni zake, nikampa namba kumi na saba. Akaiweka mfukoni bila kuitazama, akapita chini ya kamba yangu, akavuta debe tupu, akaligeuza, akakaa juu yake kando ya mashine.

Ninyi wa milimani mnajua alichokuwa anafanya. Ninyi wa jangwani niwaeleze kidogo. Kwetu mtu haachi zeituni zake zipotee machoni, tangu mtini mpaka debeni. Unaziona zinaoshwa, unaziona zinasagwa, unakaa hapo na wenzako mnaongea na kutaniana, na mafuta ya kwanza yakitoka mdomoni mwa bomba unachukua mkate uliopashwa juu ya jiko, unachovya, unakula, na unampa aliye karibu nawe, hata kama hamsemezani. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Mama yangu alinibeba mgongoni pembeni ya kinu kile kile. Lakini miaka ishirini na sita ilikuwa imepita juu ya kumbukumbu hiyo, na macho yangu siku ile yaliona jambo moja tu: mtu yuko upande usio wake.

Nikapuliza filimbi.

Waheshimiwa, niliipuliza kama ninavyojua kuipuliza. Waliopita mikononi mwangu wanajua. Hata aliyekuwa akipakia debe akasimama nalo mkononi. Bi Hindiyya akageuka polepole.

"Umenipigia filimbi?"

"Mama Sari, ni utaratibu. Watu wanakaa kule."

"Sijakuuliza watu wanakaa wapi. Nimekuuliza, Mifleh mwana wa Shamma: umenipigia filimbi mimi? Mimi niliyekukata kitovu?"

Nikasema tena, na nasikia aibu kurudia mbele yenu: "Ni utaratibu, mama."

Akainuka. Akamwita jirani yake mwenye pikapu. "Zikusanye zeituni zangu, unipakilie. Twende kinu cha Kafr Tin. Huko kuna tope na kelele, lakini huko mtu anaziona zeituni zake. Hapa mafuta yanatoka kifungoni."

Kesho yake yalikuja magari manne. Keshokutwa likaja moja, nalo lilikuja kuuliza njia. Jumatatu asubuhi ua ulikuwa mtupu, mistari ya chokaa inang'aa, kamba imenyooka, namba zimepangwa mezani kuanzia moja hadi hamsini. Mnajua nilimwambia nini Haji Dhiyabu? Nilisimama wima nikamwambia, "Haji, tumeondoa msongamano."

Haji akautazama ua wake. "Umeondoa watu," akasema. Hakufoka, na angefoka ningeona nafuu. "Mifleh, kinu hiki kina msimu mmoja tu kwa mwaka. Leo ni Jumatatu. Nitangoja mpaka Alhamisi. Watu wakirudi, Alhamdulillah. Wasiporudi, nitakushukuru kwa wema wako na nitatafuta mtu mwingine. Na wa kwanza kurudi lazima awe Mama Sari, maana wengine wote wanamtazama yeye."

Nilitembea kwenda nyumbani kwa miguu. Ile hofu yangu sasa ilikuwa na tarehe. Ikiwa hata kupanga foleni, kazi niliyozaliwa nayo, imenishinda uraiani, basi kimebaki nini?

Nikaamua kwenda kuomba radhi, na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo watoto wa kijiji wananiigiza. Kwetu, ukimkosea mtu mzima, unakwenda kwake, unakaribishwa, unawekewa kikombe cha kahawa, na wewe hukigusi. Unakiacha chini mbele yako. Mwenye nyumba akikiona hakijaguswa anajua umekuja na shida, anakuuliza, unasema, na akikubali ndipo unakunywa. Hakuna asiyejua jambo hili. Hata mbuzi wa Ajloun wanalijua.

Jumatatu ile alasiri nilipiga pasi shati, nikang'arisha viatu, nikaenda peke yangu, na karatasi ya kuomba radhi nimeikunja mfukoni. Bi Hindiyya alinipokea vizuri. Hasira yake haikufunga mlango wake. Akanimiminia kahawa, akanipa mkononi. Sasa ninyi niambieni: katika kambi hii, kikombe kikiingia mkononi mwa sajini, kinakaa muda gani? Nani kati yenu amewahi kumaliza kahawa yake bila ofisa kumwita katikati? Tumezoea kumeza kwanza, mengine baadaye. Mkono wangu ukafanya kazi yake. Nilipofungua mdomo kuanza kusema, kikombe kilikuwa kitupu.

Bi Hindiyya akakitazama kikombe. Akanitazama mimi.

"Umekunywa," akasema.

"Nimekunywa, mama."

"Basi huna shida nami. Umefanya vizuri kunitembelea. Nisalimie nyumbani."

"Lakini mama, nilikuja kuomba..."

"Aliyekuja kuomba hanywi. Wewe ulikuja kunywa kahawa, na kahawa umeinywa. Mungu akuongezee afya, mwanangu. Angalia ngazi ya pili, imevunjika."

Nilimsimulia mke wangu. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akanyoosha mkono. "Hiyo karatasi. Hebu niione." Akasoma kwa sauti yake ya darasani: "Kufuatia tukio lililotokea siku ya Alhamisi, mhusika anapenda kueleza masikitiko yake..." Akanirudishia. "Baba Hazim, hii ni taarifa ya ajali ya gari."

"Sasa nifanyeje?"

"Kesho twende wote. Mimi, wewe na Haji. Karatasi ibaki hapa. Na ule mkono wako wa kulia uukalie."

Nao niliukalia, waheshimiwa. Jumanne asubuhi niliketi kwenye godoro la Bi Hindiyya, mke wangu kulia, Haji kushoto, mkono wangu chini ya paja, na kikombe mbele yangu kinatoa mvuke. Bibi akaanza kuzungumza habari za mvua. Akamuuliza Haji habari za goti lake. Akamuuliza mke wangu ni mtoto gani mtukutu zaidi mwaka huu. Aliniacha niive. Kisha akageuka.

"Naona kahawa yako inapoa, Mifleh. Una nini?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui kuomba. Msicheke, nisikilizeni hapa kuliko popote. Miaka ishirini na sita nilikuwa ama napokea amri ama natoa amri. Nilijua kusema "ndiyo, afande" na nilijua kusema "haraka". Kumwambia mtu "nakuhitaji, na una haki ya kukataa", hilo sikuwahi kulifanyia mazoezi hata siku moja. Mwishowe nikasema yaliyokuja.

"Nimekosa, mama. Nimekupigia filimbi mbele za watu, wewe uliyenipokea duniani. Nisamehe. Na naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kwamba hakuna kingine ninachokiweza."

Mke wangu hakuwa amewahi kulisikia hilo kutoka kwangu, na nilisikia pumzi yake ikikatika. Bi Hindiyya alininong'oneza, ingawa wote walisikia: "Maskini wewe. Si ungesema tangu jana, kabla ya kuninywea kahawa yangu?" Kisha akainua sauti. "Nimekusamehe. Kunywa. Lakini sijamaliza nawe. Kesho alfajiri uje uchume na mimi. Ule mti wangu wa juu hakuna aliyeupanda tangu mwanangu Sari ahamie Kuwait."

Nilikuwa sijachuma zeituni kwa misimu ishirini na sita. Likizo zangu zote nilipewa wakati mwingine, na sikuwahi kulalamika, maana sikujua kwamba nimenyimwa kitu. Jumatano alfajiri nilikuwa juu ya mti, na yeye chini akikunja turubai na kunipigia kelele. "Chuma, usiupigie mti saluti! Tawi hilo unaliogopa? Ni binti wa mtu?" Kufikia saa sita mchana kucha zangu zilikuwa nyeusi na mgongo unaniwaka, na tulikuwa na magunia mawili. Nikasema niyapeleke kinuni.

"Tunapeleka sote," akasema, "na leo wewe si sajini wa mtu. Leo wewe ni mtu mwenye magunia."

Kinu kilikuwa na wafanyakazi wawili waliokuwa wakicheza karata. Wakanipa namba moja. Nikamimina zeituni zetu, nikatoka, nikakaa na Bi Hindiyya kwenye benchi, nje ya kamba, kama nilivyoamuru. Mashine zikaanza kunguruma ndani. Nami moyo ukaanza kunienda mbio. Zimeoshwa? Zimeingia zote? Yale mabaki ya jana ndani ya kisagio yamesafishwa, au wanachanganya? Zilikuwa zeituni nilizozichuma moja moja, zingine nilijikwaruza damu kwa ajili yake, na sasa ziko nyuma ya mashine na mimi siruhusiwi kuziona. Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena.

"Unahangaika nini?" akauliza Bi Hindiyya, akitazama mbele. "Si ni utaratibu?"

Nikapita chini ya kamba. Mfanyakazi mmoja akasema, "Sajini, ulisema hakuna kupita." Nikamwambia alete kisu, kwa sababu niliifunga kamba ile kwa fundo la jeshi na nilijua haitafunguka. Nikaikata upande wa nguzo ya kwanza, nikaikata upande wa pili. Bi Hindiyya akaingia akiburuta debe lake la kukalia, nikaburuta langu, tukakaa. Tuliziona zinasagwa. Tuliona rojo linakandwa. Na mafuta yalipotoka, ya kijani, mazito, yananukia mpaka machozi yananitoka, alichovya kipande cha mkate, akakinyoosha kwangu kabla hajaonja mwenyewe.

"Kula, Baba Hazim," akasema.

Tangu nirudi, Baba Hazim nilikuwa kwa mke wangu tu; wazee waliniita Mifleh, na kijiji kingine chote kiliniita Sajini. Muuza duka aliniita Sajini, imamu aliniita Sajini, nami nikidhani wananiheshimu. Kumbe walikuwa wananingoja nifike. Nililia, ndugu zangu, mdomo umejaa mkate. Nasema wazi mbele ya jenerali, na anayetaka kunicheka anicheke, anapajua ninapokaa.

Bi Hindiyya ana simu, na simu hiyo ina nguvu kuliko redio zote za brigedi hii. Alhamisi asubuhi zilifika pikapu mbili. Adhuhuri zikawa saba. Jumamosi ua ulifurika. Wanawake walikaa juu ya madebe kando ya mashine, mkate juu ya jiko, kelele mpaka huwezi kujisikia. Na katikati ya kelele hiyo akaja bwana mmoja mwenye trekta kubwa, ambaye miaka yote alikuwa na desturi ya kuwapita wajane na watu wa magunia mawili, akaingiza trekta yake mbele. Mnajua nani alimsimamisha? Bi Hindiyya. "Wewe! Namba yako iko wapi? Mifleh! Mpe namba huyu!" Na ua wote ukapokea: namba, namba, namba. Nikampa namba thelathini na moja, akaishika kama mtoto aliyeshikishwa ufagio, akasubiri zamu yake.

Naomba mlichukue hili. Waliikataa kamba, waliikataa filimbi, lakini namba walizitaka, na wamezitaka kwa misimu sita sasa, na Haji ameniachia funguo za ua. Katika vyote nilivyotoka navyo hapa, kimoja walikihitaji kweli: kwamba mnyonge asipitwe. Hilo nilijifunza katika uwanja huu, tukigawana maji. Ila nisingejua ni kipi wanachokihitaji kama nisingekaa kwanza kwenye debe kando yao.

Koplo Turki, wewe unasikia ugonjwa wa injini kwa sikio. Sajini Obeid, umepika wali wa watu mia nne kwenye upepo wa mchanga na hakuna aliyekuta punje ya mchanga. Wewe uliyekuwa fundi wa redio, naona uso wako lakini jina limenitoka, nisamehe. Mna vitu. Watu wanavihitaji. Lakini nendeni mkaulize, msiende mkapange. Mtakataliwa mara mbili tatu, na hamtakufa.

Mheshimiwa Brigedia, kwa heshima yote, na nikiwa sina tena cheo unachoweza kukishusha: kuingia jeshini tulifundishwa miezi sita, na kutoka tunapewa asubuhi moja na ngao. Nakushukuru kwamba umeanza kuwaalika wazee kama sisi tuje tuseme nao. Wafanye wakae nasi mwezi mzima. Kinu chetu kina nafasi ya watu kumi kila msimu, chakula juu yetu, mkate na mafuta hawatakosa. Na ninyi kina mama, mke wangu ametuma salamu: vumilieni siku tisa, ya kumi fungeni mlango wa jikoni mseme nao.

Nimefika mwisho. Kwa desturi ya brigedi hii, mstaafu aliyealikwa ndiye anayewatolea wapya amri yao ya mwisho: mguu sawa, kisha tawanyika. Mheshimiwa Brigedia amenikumbusha tulipokuwa tukiingia. Niliifanyia mazoezi asubuhi mbele ya kioo, na sauti bado ninayo. Lakini nimewatazama hapa muda wote huu, arobaini na watatu, nyuso zimekaza, mnasubiri kuambiwa la kufanya, na nimeona siwezi kuwatolea. Kuanzia saa hii hakuna tena wa kuwaamuru, nami sitaki kuwa wa mwisho aliyefanya hivyo.

Nawashukuru wote kwa kunikopesha masikio yenu, jua likiwa kali hivi. Ndugu zangu, wake zenu wako pale, watoto wenu wako pale, wamewasubiri miaka mingi kuliko mnavyodhani, na hawajui bado wawaiteje. Nina neno moja kwenu ambalo katika uwanja huu, kwa miaka ishirini na sita, hakuna aliyelisikia kinywani mwangu.

Tafadhali. Nendeni nyumbani.